Mapya Mbele

Kinyozi anasema kaka yangu alikuwa anacheka. Anasema alikuwa kasimama mlangoni kwake, wembe mkononi, mteja ubavuni kanyolewa nusu kichwa, wametoka kutazama mvua, ndipo akaona kwa macho yake mawili gari linatoka gereji kwetu likinguruma kama limetukaniwa mama. Ndani kaka kashika usukani kwa mkono mmoja, meno yote nje. Akamwona Kinyozi, akamkonyeza. Kisha akavuta hendibreki makusudi, gari likajizungusha mara tatu nzima, na ya tatu ikaishia kwenye duka lake la kunyolea. Dirisha likaenda. Kioo kikubwa kikaenda. Na kile kiti cha kupanda na kushuka, ambacho mtaa mzima hakuna kingine, kikabaki mguu.

Jumanne, siku yenyewe, Kinyozi alisema gari lilizunguka mara moja. Jumatano zikawa mbili. Alhamisi kukonyeza kukaingia. Mimi nilimsikiliza tu, maana alikuwa akija kusimulia langoni kwetu, kwa sauti ya kutosha, ili Baba asikie akiwa chini ya gari.

Na Baba alisikia. Jioni ileile ya Jumanne alikuwa ameshatoa hukumu, tukiwa bado na matope miguuni baada ya kulisukuma gari kulirudisha uwanjani.

"Jumamosi saa nne hili gari linakatwa. Nalikata mwenyewe. Ukiona uchungu, toka nalo, ukakae nalo huko utakakokaa. Hapa kwangu hakuna tena kitanda chako wala spana yako."

Kaka alikuwa anapangusa damu kwenye nyusi kwa tambara la oili.

Mimi niliona kilichotokea. Ninapokaa na matairi yangu, kona ya duka la Kinyozi iko mbele ya macho yangu kama picha ukutani. Kaka hakucheka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akaingia kona taratibu kuliko wanavyoingia watoto wa shule na baiskeli zao, na gari likamtoroka kwa nyuma. Halikuzunguka hata mara moja kamili. Liligeuka nusu tu, matako mbele, likaingia dukani kinyumenyume kama mtu anayeingia ukumbini bila kutaka kuonekana. Niliona pia uso wa kaka alipokuwa anapita. Ulikuwa wa mtu anayeuliza swali.

Jibu la swali lile nilikuwa nalo mimi, na nililala nalo siku nne.

Nyumbani kwetu vita vya magari vilianza siku kaka alipoleta gari lake. Baba ana gari lake dogo jeupe, milango mitatu, gia tano, linaitwa Bi Harusi. Ni gari la mbio la watu wasio na uwezo wa gari la mbio. Linavuta kwa magurudumu ya mbele, na Baba anasema hivyo ndivyo gari linavyotakiwa kwenda. Kaka naye alilikuta lake nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja, kuku wanataga ndani, akalikokota hadi kwetu na kulifufua kwa miaka mitatu. Ni la milango miwili, la chini, manjano, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Akaliita Nyigu. Alisema nyigu nguvu yake iko matakoni.

Basi tukikaa kula, mambo huwa hivi.

"Umewahi kuona ng'ombe anasukuma mkokoteni kwa nyuma?" Baba ataanza, hata kama hakuna aliyemgusa.

"Na wewe Baba umewahi kuona mtu anakimbia kwa mikono?"

"Gari ya nyuma ni ya wehu. Ukiikanyaga kidogo inataka kukupita, ione mbele kuna nini."

"Na yako magurudumu ya mbele ndiyo yavute, ndiyo yakate kona, ndiyo yashike breki. Ya nyuma yanafuata tu kama wageni."

"Yanafuata. Ndiyo adabu yenyewe."

Zamani walikuwa wakimaliza hapo wanacheka. Kisha akaacha kucheka mmoja, halafu wa pili. Wateja vijana walianza kuja wakimuuliza kaka mambo ya Nyigu, wakimpita Baba kama nguzo. Baba akaanza kuliita gari lile "hilo takataka lako" mbele za watu, na kaka akaanza kumwita Bi Harusi "kigari cha kubebea mboga". Mwaka huu walikuwa wanapeana spana bila kutazamana. Mimi katikati. Niliacha shule darasa la saba, na mwezi uliofuata Baba akanipa kigoda, jeki, na kile chuma cha kufungulia matairi. Miaka minane sasa. Nimejifunza kwamba ukikaa kimya na kazi mikononi, watu wanasahau kwamba una masikio.

Sasa sikilizeni kuhusu ukuta wa gereji yetu.

Juu ya mashine yetu ya upepo, Baba aliandika zamani kwa rangi nyekundu: MAPYA MBELE. Maana yake ni kazi yetu ya kila siku. Magari yanayoletwa kwetu karibu yote yanavuta kwa mbele, kwa hiyo matairi ya mbele ndiyo yanayolika. Ya nyuma yanaweza kukaa miaka na kashata zake zote, ile michoro inayoshika barabara. Mteja analeta matairi mawili, wewe unatoa ya mbele, unatupa, unafunga mapya mbele. Ya nyuma huyatazami hata. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka mikono inajua yenyewe, na Baba akipita huwa anagonga yale maandishi kwa kidole, kama mtu anayegusa mlango kuhakikisha umefungwa.

Lakini Nyigu linakula matairi ya nyuma. Kwa kuwa ndiyo yanayosukuma.

Jumanne ile asubuhi kaka alirudi na matairi mawili mapya, akayabingirisha hadi kwenye kigoda changu.

"Mdogo wangu, haya ya nyuma. Nyuma, umenisikia? Vile vipara vya nyuma vitoke. Usije ukanisomea ukuta."

"Nimekusikia. Kwani mimi kiziwi?"

"Si kiziwi. Ni mtoto wa Baba."

Akaenda kwa miguu kumpelekea mteja starta yake. Mimi nikachukua chaki nikayaandika matairi yote mawili NYUMA, ubavuni, kama ninavyofanya siku zote nisichanganye ya watu. Nikalipiga jeki Nyigu, nikatoa gurudumu la nyuma kulia. Tairi lake lilikuwa laini kama shavu. Hapo ndipo nilipoona kivuli.

"Unafanya nini wewe?"

"Kaka amesema yafungwe nyuma."

"Kaka yako ndiye aliyeandika ukuta huu?"

"Hapana, Baba. Ila hili linasukuma kwa..."

"Najua linasukuma kwa wapi. Nimeambiwa miaka mitatu linasukuma kwa wapi! Usukani uko mbele. Macho yako mbele. Gari ni gari. Rudisha hilo lilikotoka, mapya yaende mbele, kama kwa watu wote. Asije akatuletea sheria mpya kwenye uwanja wangu."

Nikakirudisha kipara mahali pake. Nikakaza nati. Nikaenda mbele, nikatoa matairi yaliyokuwa bado na nusu ya kashata, nikayatupa kwenye lundo, nikafunga mapya. Baba alisimama pale mpaka nati ya mwisho.

Saa tisa mvua ikaanza. Kaka akaja mbio, gunia kichwani, anacheka kabisa, ndiyo, wakati ule alikuwa anacheka.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Hakuuliza wapi. Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafuta mikono. Nikasema nimefunga, na ilikuwa kweli, na nikanyamaza. Kaka akaingia ndani akawasha. Kutoka langoni kwetu mpaka kona ile ni kama mtu kuhesabu hadi ishirini. Nilihesabu.

Jumamosi Baba alitoa mashine ya kukatia vyuma tangu saa tatu. Akavuta waya mrefu kutoka ndani, akaupitisha juu ya matairi yangu bila kuniambia nisogee. Kinyozi alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani, akakiweka chini ya bati letu, akakunja mguu.

"Mbona umekuja mapema," kaka akamwambia. "Tiketi bado hazijaanza kuuzwa."

"Wewe kijana, mimi nanyolea watu nje sasa kama niko kambini. Acha nitazame kitu kinachonifurahisha."

"Ulinyoa watu vibaya ndani, nje utawanyoa vipi?"

"Fundi!" Kinyozi akamgeukia Baba. "Unamsikia mwanao? Avute hendibreki, azunguke mara tatu, abomoe duka, na mdomo bado anao!"

"Hendibreki gani?" kaka akasema. "Waya wa hendibreki ulikatika Jumapili. Ule pale, kwenye msumari. Nimevuta nini, hewa?"

Kinyozi akautazama ule waya ulioning'inia. Akafikiri kidogo.

"Basi ulivuta kitu kingine."

"Nyamazeni," Baba akasema. Kaka alikuwa na begi lake miguuni, lile la zipu iliyoharibika, limefungwa kamba. Alikuwa ameshasema Ijumaa kwamba gari halitakatwa, kwa hiyo yeye ataondoka nalo, na hatarudi hata kwa msiba. Baba akawasha mashine, ikalia, akaizima. Alikuwa anajaribu tu, au alikuwa anatuonyesha.

Nikainuka kwenye kigoda.

"Baba. Hebu tazama matairi kwanza."

"Matairi yana nini?"

"Njoo uyatazame."

Hakuja. Kinyozi ndiye aliyekuja, maana yeye haachi kitu kimpite. Akainama mbele ya Nyigu, akaisoma chaki yangu kwa sauti, silabi kwa silabi, matope yameifuta kidogo tu.

"Nyu-ma. Nyuma. Na huku pia nyuma." Akanyanyuka. "Sasa nyuma ya gari hii iko mbele?"

Kaka alikuwa ameshakwenda upande wa pili. Nilimwona akipitisha kiganja juu ya kipara cha kulia, taratibu, kisha cha kushoto. Alipogeuka hakumtazama Baba. Alinitazama mimi.

"Nilikwambia nini?"

"Nyuma."

"Nilikwambia usinisomee nini?"

"Ukuta. Nilianza kufunga nyuma, Kaka. Baba akanigeuza. Alisimama hapa mpaka nati ya mwisho."

Hata Kinyozi alifumba mdomo, ingawa ulikuwa unamtekenya.

"Umeninyamazia siku nne," kaka akasema. "Unaniletea chai. Unanifunga plasta usoni. Watu wananiita mwehu mtaa mzima, mimi mwenyewe usiku najiuliza nimekanyaga nini, nimekosea wapi, na wewe unanifunga plasta."

"Ndiyo."

"Ulisema umefunga!"

"Nilifunga."

"Wewe ni mbaya kuliko yeye," akasema. "Yeye angalau hupiga kelele."

Maneno hayo yaliniingia na bado yako huko yalikoingia. Lakini nilikuwa nimeshainuka, na mtu akishainuka ni bure kukaa tena.

"Baba, mwambie," nikasema. "Mwambie Kinyozi kwamba ni wewe."

Baba akaishusha ile mashine chini polepole.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani?"

"Hapana."

"Dereva hakagui gari yake kabla ya kuingia? Hana macho?"

"Alipaswa kukagua," nikasema. "Ila alidhani ana fundi wa matairi nyumbani."

"Gari ya maana haigeuki matako kwa ajili ya matairi mawili! Miaka ishirini na mbili nimepita kona ile na Bi Harusi, mvua, matope, mafuriko. Umeona nimegeuka?"

"Bi Harusi hageuki, Baba. Ungemwekea vipara hivi mbele, kwenye mvua ile, ungekata usukani na yeye asisikie. Angekwenda moja kwa moja. Kaka aliingia dukani kwa mgongo, wewe ungeingia kwa uso."

"Kwa hiyo duka langu," Kinyozi akasema, "lilikuwa linabomolewa kwa vyovyote?"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka mpaka jioni.

Baba alinitazama kama mtu anayeona kigoda kimeongea. Miaka minane sijawahi kumwambia sentensi ndefu namna ile. Mshipa wa shingoni ulikuwa umetoka. Akaangalia ukuta wake, kisha mimi, kisha ile chaki. Nilidhani atasema. Naapa niliona neno limefika kooni.

"Silikati," akasema. "Haya. Silikati. Ondoeni kitu hicho uwanjani kwangu."

"Sikuombi usilikate," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilitisha zaidi. "Nakuomba useme ulikosea. Hapa, mbele ya huyu bwana, maana kwake ndiko nilikochafuliwa. Sema tu, 'nilikosea'. Nashusha begi, namjengea ukuta wake kwa mikono yangu, na Nyigu utaniambia nilipeleke wapi nitalipeleka."

"Mimi nimefunga matairi kabla nyote hamjazaliwa."

"Sijauliza ulianza lini."

"Kabla hamjazaliwa!" Baba akapiga teke ule waya, akaenda kwa Bi Harusi, akajilaza kwenye ubao wake wa magurudumu na kujisukuma chini ya gari. Viatu tu vikabaki nje. Bi Harusi hakuwa na ubovu wowote. Nilimwosha mimi Alhamisi na alikuwa anakwenda kama saa.

Kaka akaja kwenye kigoda changu. Nilikuwa nimeshashika jeki na spana ya matairi, nikijua anachotaka: magurudumu ya mbele yaje nyuma, ya nyuma yaende mbele, angalau barabarani asife. Nikataka kuanza. Akaitoa spana mkononi mwangu. Hakunipokonya, aliitoa tu, kidole baada ya kidole, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi.

"Wewe pumzika," akasema.

Nyigu lina nati nne kila gurudumu. Nne mara nne ni kumi na sita, hiyo hata darasa la saba unaijua. Kila moja ilegezwe, itolewe, irudi, ikazwe. Nikasema moyoni, Baba ana nati kumi na sita za kufikiri. Kaka hakuharakisha, na mimi ninaijua mikono yake ikiwa na haraka. Alikuwa anakaza kila nati mara mbili, halafu anatulia kidogo, kichwa kimeinama upande wa Bi Harusi. Chini kule spana iligonga chuma, ikanyamaza, ikagonga tena. Kazi ya mtu asiyefanya kazi.

"Fundi," Kinyozi akaita, na safari hii sauti yake haikuwa ya langoni. "Mimi nikisikia tu ni matairi, basi. Yale ya kuzunguka mara tatu tunaweza kuyapunguza."

Chini ya gari spana ikagonga tena.

"Hata hadi mara moja," Kinyozi akaongeza.

Kaka alimaliza nyuma kulia. Akamaliza nyuma kushoto. Akapiga mapya kwa kiatu, chaki ikamwagika vumbi. Akahamia mbele kulia, akamaliza, akanipita kama anapita upepo. Begi lilikuwa limeshaingia kwenye kiti cha abiria, limekaa wima kama mtu.

Alipopiga magoti kwenye gurudumu la mwisho, niliondoka pale nikaenda kuchuchumaa kando ya Bi Harusi. Sakafuni kulikuwa na baridi. Niliviona viatu vya Baba vilivyo, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja, na ndani gizani nilimwona yeye mwenyewe, amelala chali, spana juu ya kifua, anatazama chuma kilicho shibiri moja kutoka puani. Alikuwa hagusi kitu. Macho yalikuwa wazi.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya chini, Kinyozi asisikie. "Amebakiza nati nne. Hahitaji hotuba. Toka hapo umwambie neno moja tu."

Nyuma yangu nati ya kwanza ikakazwa, mara mbili.

"Baba. Toka umwambie."